Kilo 100 inatangulia 25 kwenye orodha ya asali

Habari ndugu. Nimekuelewa: ukipanga kwenye Excel orodha ya wafugaji nyuki wenu wa Sikonge kwa kilo za asali, 100 inatangulia 25, na sasa majina hayaendani na kilo zake.

Anza na majina, ndiyo hatari kubwa, maana hizo ni fedha za watu. Inaelekea ulichagua safuwima ya kilo peke yake ukaipanga. Kama hujalifunga faili, bonyeza Ctrl+Z mpaka orodha irudi. Kama ulishalihifadhi na kulifunga, tafadhali usikisie nani alileta ngapi. Rudi kwenye nakala ya zamani au daftari la mizani, na malipo yasubiri hadi mweka hazina ahakiki kila jina.

Hiyo 100 kutangulia ni kwa sababu kilo zimeingia kama maandishi, hivyo Excel inalinganisha tarakimu ya kwanza: 1 kabla ya 2. Mara nyingi mtu ameandika "25 kg" ndani ya seli. Zikiegemea kushoto, ndiyo dalili yake. Chagua safuwima ya kilo tu, bonyeza Ctrl+H, andika kg, sehemu ya pili iache tupu, kisha badilisha zote. Rudia kwa nafasi tupu, lakini usiguse safuwima ya majina, yatashikana. Zikibaki kushoto, tumia =VALUE, fomula inayogeuza maandishi kuwa namba, kwenye safuwima mpya; mfano =VALUE(B2) kama kilo iko seli B2.

Ukipanga tena, chagua jedwali zima, na seli zilizounganishwa zitenganishe kwanza.