Wadogo zangu wa maabara, slaidi moja haitoshi

Juzi nimemuona tena kijana wa mafunzo akiandika "hakuna minyoo" kwa slaidi aliyoitazama dakika mbili. Mgonjwa ana UVIKO, oksijeni inashuka, na daktari anasubiri kuanza deksamethasoni, dawa ya steroidi inayoshusha kinga. Nawapenda, lakini kwa hili nitakuwa mkali.

1. Kato-Katz, slaidi ya choo kilichopakwa, inatafuta mayai, na strongiloidi, mnyoo mdogo wa utumbo, chooni hutoa lava, yaani minyoo wachanga. Fanyeni Baermann, yaani choo kwenye shashi juu ya faneli ya maji ya uvuguvugu ili lava zishuke: choo kibichi, zaidi ya siku moja.

2. Ulizeni mtu anafanya kazi gani, maana lava za udongoni huingia kwa ngozi ya miguu. Mwaka 2021 sikuuliza. Alikuwa mzee wa hapa Pemba, mkulima wa mpunga, miaka yote bondeni miguu mitupu. Foleni ya vipimo vya damu ilikuwa imefika mlangoni. Nikapitisha slaidi moja ya maji chumvi, nikaandika "hakuna kilichoonekana". Daktari akaniamini. Akaanza deksamethasoni miligramu 6 kwa siku, kama jaribio la RECOVERY la Uingereza lilivyoonesha 2020, na kweli dawa hiyo imeokoa wengi waliohitaji oksijeni. Lakini mnyoo huyu hujiambukiza upya ndani ya mtu yule yule, akakaa naye miongo. Kinga ikishushwa, lava huongezeka mno, hutoboa utumbo, hupanda mapafuni, na bakteria wa utumbo huingia nazo kwenye damu.

Mzee alikuwa keshaanza kukaa kitandani na kunywa uji. Siku ya nane tumbo likajaa, homa ikarudi. Wodi nzima ikasema korona imemrudia. Makohozi yakaletwa kwangu kutafutwa kifua kikuu. Nikaweka tone bichi chini ya darubini, na kitu kikajipinda, kikanyooka, kikajipinda tena. Pembeni yake kingine. Nilikwenda wodini mbio, nikafika mbele ya daktari maneno hayatoki. Aivamektini ilipatikana, wakati umeshapita. Alifariki alfajiri. Mwanawe alipokuja kuchukua mkeka na chupa ya chai, alinipa mkono akanishukuru. Sikumwambia kitu, na mpaka leo lanikaa moyoni.

3. Iozinofili, chembe nyeupe za damu ambazo minyoo huzipandisha, zikiwa kawaida msitulie, steroidi huzishusha.

4. "Alishameza dawa ya minyoo" si jibu. Albendazoli ya dozi moja, ile ya skuli na kampeni, huwafaa mchango lakini strongiloidi wengi hubaki. Dawa yake ni aivamektini, mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa konde akihitaji steroidi, mpigieni daktari simu mapema: anaweza kuamua kumpa bila kungoja choo.

5. Choo kilicholala tangu jana kikataeni kwa adabu. Mayai ya safura huanguliwa humo, mkachanganya lava. Tazameni mdomo: wa strongiloidi ni mfupi.

Kijana wa juzi, faneli na shashi nimekuwekea karibu na sinki. Mgonjwa keshaambiwa alete choo kingine kesho asubuhi, na daktari nimeshampigia.