Maswali ya Wasomaji: Vifusi katika zege linalopitisha maji

Swali: Tunabomoa sakafu ya zamani ya zege na tunakusudia kuponda vifusi vyake vitumike kama kokoto katika zege linalopitisha maji, kwa maegesho ya magari madogo. Je, litastahimili? Na je, tunaweza kupunguza saruji kwa kutumia majivu ya makaa ya mawe?

Jibu: Litastahimili, mradi msifanye haraka katika kuchekecha na kuosha vifusi. Zege hili huwa na mchanga kidogo sana au halina kabisa. Kokoto zake hushikamana kwa utando mwembamba wa uji wa saruji, na baina yake hubaki matundu yanayoungana, ambayo kwa kawaida huchukua asilimia 15 hadi 35 ya ujazo wote. Vumbi la vifusi huziba matundu hayo na tena huuzuia uji kushika kokoto, kwa hiyo vifusi visipooshwa mtapata zege dhaifu lisilopitisha maji. Ondoeni pia vipande vya jasi, kwa kuwa salfeti zake huharibu saruji.

Jambo la pili, ambalo mafundi wengi hulipuuza, ni maji. Vipande vya zege kuukuu vimegandiwa na saruji ya zamani yenye kunyonya, ilhali mchanganyiko huu huhitaji takriban kilo 27 hadi 34 tu za maji kwa kila kilo 100 za saruji. Kokoto kavu zitaunyang'anya uji maji yake. Mkizidisha maji, uji utachuruzika na kuziba sehemu ya chini. Zilowesheni mapema, kisha ziacheni zichuje hadi uso wake ukauke. Kwa kuwa vifusi hupunguza nguvu, mimi ningeanza na vifusi kwa theluthi moja tu ya kokoto, nyingine zikiwa za mawe ya kawaida, na ningepima sampuli kabla ya kuongeza.

Majivu yanaweza kushika nafasi ya asilimia 20 hivi ya saruji. Zege lenye majivu hukomaa polepole, basi lifunikeni kwa plastiki kwa siku 7 au zaidi.

Swali: Vipi kuhusu vioo na matairi yaliyosagwa?

Jibu: Silika, yaani madini yaliyo mengi katika kioo, huweza kuingiliana kikemikali na alkali ya saruji, ikavimba na kulipasua zege; majivu ya makaa ya mawe hupunguza hatari hiyo. Mpira hulipunguzia zege nguvu ya kubeba mzigo, ingawa hulisaidia kuhimili mishtuko, kwa hiyo utumieni katika njia za waenda kwa miguu, si penye magari.