Skuta inawaka halafu inazima: mafuta ya taa hayasafishi kabureta

SWALI: Shikamoo fundi. Nina skuta ya cc 125, otomatiki, ya kabureta. Niliiacha nyumbani Tanga karibu miezi tisa nikiwa masomoni, imefunikwa turubai. Niliporudi nimeweka betri mpya na plagi mpya, nikaongeza petroli lita mbili juu ya ile iliyokuwemo. Inawaka vizuri ila nikiachia resi tu inazima, na nikijitahidi nikaendesha hivyo hivyo inafika mwisho wa mtaa inazima yenyewe, nikisubiri kidogo inawaka tena. Fundi wa kwanza kamwaga mafuta ya taa kidogo kwenye tenki eti yasafishe kabureta, kapandisha na sailensi, ule mzunguko wa injini ikiwa imetulia bila resi. Hakuna kilichobadilika. Wa pili anasema kabureta imekufa, ninunue mpya. Ninunue?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usinunue. Na hayo mafuta ya taa yatoe leo hii, usiiwashe tena mpaka tenki liwe tupu.

Betri na plagi umeshamaliza kwa hiyo siyarudii. Tatizo lako ni petroli, na hapa ndo watu hawataki kuelewa, petroli inachacha. Ikikaa miezi ile sehemu nyepesi inayoshika moto haraka inapaa, kinachobaki kinageuka gundi ya kahawia. Ichote kidogo uinuse, kama inanuka vanishi badala ya ile harufu kali ya sheli basi imekwisha, na ukiongeza mpya juu yake umeharibu na ile mpya. Sasa kwenye tenki kuna lita kadhaa, lakini kwenye kikombe cha kabureta kuna mafuta kidogo sana, yanakauka mapema na gundi yote inabaki pale chini, palepale jeti, vile vijiti vya shaba vyenye tundu la kupitishia mafuta, zinapochota. Jeti ya sailensi tundu lake ni kama milimita 0.35. Uchafu mdogo sana unatosha kuliziba.

Ndo maana ukivuta resi inakwenda, maana hapo inatumia jeti kubwa, ukiachia inabaki inategemea ile ndogo iliyoziba, inakosa mafuta, inazima. Kabureta haijakufa hapo. Ni chafu.

Sasa nije kwenye hili la mafuta ya taa maana nimechoka nalo, kila wiki naletewa pikipiki imemwagiwa kitu kwenye tenki, huyu mafuta ya taa, huyu thina, mwingine kachanganya na dizeli. Hebu fikiria wewe mwenyewe, jeti imeziba, hakuna kinachopita, hiyo dawa uliyomwaga juu kwenye tenki itapitaje pale ikasafishe? Itapita kwenye jeti kubwa iliyo wazi iingie kwenye injini ikaungue, na ile ndogo inabaki vilevile. Zipo dawa za dukani za kuchanganya na petroli, zinasaidia kama jeti haijaziba kabisa, na zile za kuzuia petroli isichache zinawekwa KABLA ya kuiacha skuta. Mafuta ya taa sio mojawapo. Kwenye injini ya petroli yanaungua vibaya, plagi inajaa masizi, na injini ikipata mzigo inaanza kugonga. Mwaka 2010 EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba, yaani alama ya siri, kwenye mafuta kwa ajili ya kukamata wanaochakachua, halafu fundi anakuchakachulia mwenyewe uani kwako na unamlipa. Thina ndo mbaya zaidi, inavimbisha mipira yote, mipira ya mafuta mpaka ile ncha ya sindano ya boya, kabureta inaanza kumwaga mafuta na hapo sasa kweli utanunua mpya.

Kwako fanya hivi. Toa petroli yote kwenye tenki, nje, injini ikiwa ya baridi, mbali na jiko. Usiimwage mtaroni na usimpe mtu akawashie mkaa, tafadhali, watu wameungua kwa hilo, peleka gereji wanakokusanya mafuta machafu. Chini ya kikombe cha kabureta kuna skrubu ya kumwagia, fungua uone kinachotoka. Halafu kabureta ishushwe, ifunguliwe, jeti zitolewe zote, zilowekwe na kupigwa spirei ya kusafishia kabureta, kisha upepo wa kompresa kwenye kila tundu, hata yale madogo ya pembeni. Ila ile mipira na ule utando mpana mweusi wa juu vitolewe kwanza, spirei ikiugusa unaweza kujikunja usirudi. Na usikubali jeti ichokonolewe na waya. Jeti ni shaba laini, tundu likitanuka kidogo tu skuta itakunywa mafuta na plagi itakuwa nyeusi siku zote, na hakuna namna ya kulirudisha.

Hilo la kuzima mwisho wa mtaa linaweza kuwa jambo la pili kabisa. Ukishaweka petroli mpya, ikizima hivyo tena fungua mfuniko wa tenki palepale, ukisikia inavuta pumzi ndani, ukawasha ikakubali na ikaendelea, basi tundu la hewa la mfuniko limeziba. Kama sio hilo angalia koki ya mafuta, skuta nyingi za aina yako koki inafunguliwa na mvuto wa injini kupitia kampira kadogo, na hako kampira kakikaa muda mrefu kanapasuka. Chomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, uingize kwenye chupa, piga stata, mafuta yatoke, ukiacha yakate. Yasipotoka ni koki au filta. Na fungua pia boksi la filta ya hewa umulike na bomba la ekzosi, kwa miezi tisa panya na nyigu wanaojenga kwa udongo wanapapenda sana.

Ile sailensi aliyokupandishia irudishwe, na hili nawaambia wote wenye skuta otomatiki. Injini zake nyingi zinatakiwa zizunguke kama 1,500 mpaka 1,800 kwa dakika zikiwa zimetulia. Ukipandisha ili isizime, klachi inaanza kushika yenyewe, tairi la nyuma linazunguka bila wewe kugusa resi. Unaiwasha iko dabo stendi, unaisukuma ishuke, inakimbia na wewe mkononi. Nimeona mtoto kavunjwa mguu uani kwa sababu ya skrubu moja iliyozungushwa ili mteja aondoke ameridhika. Fundi anayefanya hivyo anajua kabisa hajatengeneza, anataka tu iungurume mpaka utoke getini kwake.

Kwa hiyo ukienda kwa fundi mwingine angalia anaanza na nini. Akifungua ile skrubu ya chini ya kikombe akakuonyesha mafuta yaliyotoka, mwachie kazi. Akianza na bisibisi kwenye sailensi, au akiagiza kabureta kabla hajaishusha hiyo uliyonayo, chukua funguo zako uondoke. Hizo mpya za bei rahisi nyingine zinakuja na jeti zisizo saizi ya injini yako, utazimaliza hela kwenye kuzitafutia jeti wakati ya kwako ilihitaji spirei moja na mtu mwenye subira.