Wageni wamefika, wanataka Asakusa

Ukikaa Tokyo miezi mitatu tu, nyumbani wameshakuhesabu mwenyeji. Binamu anapitia hapo akienda kutafuta magari ya mtumba, mwalimu wako wa zamani anakuja mkutanoni, na wote wana ombi moja: tutembeze Asakusa. Usiwakatalie. Mtaa huo wa wilaya ya Taito, kando ya mto Sumida, una hekalu kongwe, vyakula vya kila namna na duka la karibu kila kitu. Wanafunzi wapya huhofia Kijapani chao kwamba hakitatosha, lakini siku huharibiwa zaidi na mambo matatu mengine: saa, noti na mchuzi.

Kwanza, mahali pa kukutana. Jina la Asakusa limebandikwa kwenye stesheni nne: ya njia ya treni ya Ginza, ya Toei, ya Tobu na ya Tsukuba Express. Tatu za kwanza ziko jirani upande wa mto. Ya nne iko magharibi, mwendo wa dakika kumi hivi kwa mguu. Ukimwambia mgeni "tukutane stesheni ya Asakusa", mtapigiana simu mpaka betri ziishe. Mwambie njia ya Ginza, mlango nambari 1. Na unapomwandikia muda, mwandikie kwa tarakimu, 08:00, kama Wajapani wanavyoandika. "Saa mbili" yetu imeshawafanya watu wazima wasimame kituoni peke yao gizani.

Hiyo 08:00 ndiyo saa nzuri ya kuanza. Uwanja wa hekalu la Senso-ji haufungwi. Ukumbi mkuu hufunguliwa saa 12 asubuhi (saa 12 na nusu kuanzia Oktoba hadi Machi) na kufungwa saa 11 jioni. Maduka ya Nakamise, kile kichochoro cha mita 250 kinachoelekea hekaluni, huamka kati ya saa 3 na saa 4. Kabla ya hapo njia ni nyeupe, na milango ya maduka ikiwa imeshushwa unaona michoro iliyopakwa juu yake, kitu ambacho mtu wa saa sita mchana hakioni kabisa. Saa sita mchana unaona visogo vya watu.

Kwenye lango la Kaminarimon wageni wote hupiga picha kandili jekundu, lenye urefu wa mita 3.9 na uzito wa kilo 700, kisha wanapita. Wasimamishe chini yake watazame juu: kwenye kitako kumechongwa joka. Ukiwa umelikabili lango, kulia ni mungu wa upepo, kushoto ni wa radi. Ukimaliza lango la pili, Hozomon, geuka nyuma uone ndara mbili za majani ya mpunga, kila moja mita 4.5. Majengo haya makubwa si ya kale kama yanavyoonekana. Simulizi ya hekalu inaanzia mwaka 628, lakini ukumbi mkuu uliungua katika mashambulizi ya ndege ya Machi 1945 na huu wa sasa ulikamilika 1958.

Mbele ya ukumbi kuna chetezo kikubwa watu wakijipepea moshi wa udi mwilini. Mgeni asiyetaka kushiriki ibada ya dini nyingine asimame pembeni tu, hakuna atakayemuuliza. Anayetaka, ajue tofauti moja: Senso-ji ni hekalu la Kibudha, kwa hiyo unaunganisha viganja kimya. Kupiga makofi ni kwa hekalu la Shinto, Asakusa Jinja, lililo hatua chache upande wa kulia: unainama mara mbili, unapiga makofi mawili, unainama tena mara moja. Kila siku kuna wanaopiga makofi pasipo penyewe.

Kinachowafurahisha wengi zaidi ni kura ya bahati, omikuji. Tumbukiza yeni 100, tikisa kopo la chuma hadi kijiti kichungulie kwenye tundu, soma namba yake, rudisha kijiti, kisha fungua mtoto wa meza wenye namba hiyohiyo na kuchukua karatasi moja ya juu. Namba zimeandikwa kwa herufi za Kijapani, na hapo ndipo watu hukosea mtoto wa meza. Usibahatishe, kabla ya kurudisha kijiti kishike sambamba na maandishi ya droo, linganisha mstari kwa mstari. Senso-ji inajulikana kwa kutowaonea watu haya: katika namba 100, 30 ni za nuksi. Mtaarifu mgeni mapema, hasa mama mtu mzima anayeamini mambo hayo. Karatasi mbaya hufungwa kwenye vyuma vilivyowekwa pale na kuachwa, haiendi nyumbani.

Sasa tumbo. Nakamise wenye maduka wanaomba watu wasile huku wakitembea. Unanunua, unasimama pale pale dukani, unamaliza, unarudisha kijiti au karatasi kwa muuzaji, maana mapipa ya taka mitaani ni adimu. Beba mfuko mdogo wa taka. Cha kuanzia ni ningyo-yaki, vikeki vyenye umbo la mnara, kandili au njiwa, ndani vina maharage mekundu yaliyosagwa na sukari. Mwambie mgeni kabla hajauma. Kwetu maharage ni ya chumvi na wali, na ulimi unaotarajia chokoleti hushtuka. Kaminari-okoshi, bisi za mchele zilizogandishwa kwa shira, ndizo zawadi za kupeleka nyumbani: nyepesi na hazivunjiki ovyo, ila nyingi zina karanga. Menchi-katsu, kile kitonge cha nyama ya kusaga kilichokaangwa, mara nyingi huchanganywa ng'ombe na nguruwe.

Hilo linatufikisha kwenye mchuzi. Kwa mgeni Mwislamu, kuuliza "kuna nguruwe?" ni nusu ya swali. Nusu nyingine ni mirin na sake, pombe za mchele zinazotiwa kwenye sosi ya tendon (wali uliofunikwa kwa vya kukaanga), kwenye mchuzi wa tambi za soba na kwenye mboga za kuchemsha. Mhudumu akisema hakuna nyama, hadanganyi. Kwake mirin ni kiungo, kama siki kwetu. Uliza kwa majina: butaniku ni nguruwe, raado ni mafuta yake, zerachin ni jelatini, na utaje pia mirin na sake. Mtaani kuna migahawa ya rameni ya halali. Itafute siku moja kabla na uhakikishe saa zake. Kwa asiyekula samaki shida ni dashi, supu ya samaki mkavu na mwani iliyo chini ya karibu kila kitu. Na soba ina unga wa buckwheat, ambao kwa mwenye mzio nao ni hatari kweli. Hata udon, tambi za ngano, iliyochemshwa kwenye maji yaleyale haifai.

Chakula cha kumkalisha mgeni ni monja, rojo la unga na kabichi, kwa sababu anajipikia mwenyewe kwenye bamba la chuma mezani. Kinachanganya watu. Bakuli linaletwa na mlima wa kabichi juu na rojo jepesi kama uji wa mgonjwa chini. Usimimine vyote pamoja. Paka bamba mafuta, subiri lipate moto hadi tone la rojo lichacharike. Kokota kabichi na vikorombwezo vyake kwenye bamba, rojo libaki bakulini. Kwa miiko miwili ya chuma, katakata huku ukigeuza, dakika mbili hadi tatu, mpaka kabichi inywee. Ipange iwe duara lenye shimo katikati, ukuta uwe mnene na usio na upenyo. Koroga rojo, kwa sababu unga umetuama chini, kisha mimina theluthi moja shimoni. Likianza kutokota na kuwa zito, ongeza lililobaki kidogo kidogo. Hapo ndipo unavunja ukuta, unachanganya na kuitandaza nyembamba. Chini ikishika rangi ya kahawia, kila mtu achukue kijiko chake bapa, abandue kipande kidogo kutoka ukingoni, akikandamize kwenye bamba kiungue kidogo, kisha ale.

Makosa ni yaleyale. Kabichi iliyokatwa kubwa huacha mapengo ukutani na rojo linakimbilia ukingo wa meza. Bamba la vuguvugu halikazi rojo, linabaki majimaji. Mwenye haraka humimina lote mara moja. Ikikupasukia, izibe kwa miiko na kabichi, usipanguse kwa karatasi. Mwonekano wake wa mwisho si wa kupigiwa picha, utani wa wageni kuhusu hilo utausikia, vumilia. Asiyekula nguruwe aagize ya mentaiko (mayai ya samaki yenye pilipili), mochi (kinyunya cha mchele) na jibini, au ya vyakula vya baharini, lakini bamba hilo limeshapikiwa kila kitu. Kwa mwenye msimamo mkali monja iachwe. Hesabu bakuli moja kwa watu wawili, halafu muongeze.

Beba noti za yeni 1,000. Mashine za tiketi za migahawa midogo, zile unazolipia kabla ya kukaa, nyingine hukataa noti kubwa, na za zamani zinakataa hata noti mpya zilizotolewa Julai 2024. Bakshishi haitolewi. Ila ukiingia baa za vibarazani jioni, kibakuli kinacholetwa bila kuagizwa, otoshi, kinalipiwa kwa kila kichwa. Si wizi, ni desturi.

Wanawake wengi watataka kukodi kimono, vazi la jadi la Kijapani. Iwe kabla ya chakula? Hapana, mafuta ya monja yanaruka. Upande wa kushoto uje juu ya kulia, kinyume chake huvishwa maiti. Duka litaje saa ya kurudisha, na mwendo wenu upimeni mara mbili ya kawaida.

Alasiri nendeni Kappabashi, barabara ya vyombo vya jikoni, robo saa magharibi mwa hekalu. Utaijua kwa kichwa kikubwa cha mpishi mwenye kofia nyeupe juu ya jengo la kona. Maduka mengi hufunga Jumapili, na saa 11 jioni yanaanza kushusha milango. Huko wageni hununua visu, na hununua vibaya. Kisu cha Kijapani ni chembamba na kigumu: kinapasua nyanya kwa uzito wake tu, lakini ukikipigia nazi, mfupa au muhogo mbichi, makali yanapata mapengo siku ya kwanza. Kwa jiko la nyumbani chagua santoku, kisu cha kazi nyingi, ya milimita 165 hadi 180, ya chuma kisichoshika kutu, iliyonolewa pande zote mbili. Ya upande mmoja humsumbua anayetumia kushoto, na ya chuma cheusi inataka kufutwa kila baada ya kukata limau. Anunue na kinoo. Vile vya kunolea vya kuvuta huvunja makali haya.

Punguzo la kodi ni la mgeni wa muda mfupi mwenye pasipoti yake mkononi. Kadi yako ya ukaazi haisaidii. Kisu kibaki kwenye boksi lake, kimefungwa, na risiti, kwa sababu kutembea na makali ya zaidi ya sentimita 6 bila sababu ya maana ni kosa kisheria. Uwanja wa ndege kiingie kwenye begi la kupakiwa. Mgeni wa begi la mkononi tu mwelekeze kwenye vyakula vya maonyesho, tempura na sushi za bandia zinazouzwa mtaa huohuo. Za plastiki hazina neno. Zile za nta, ambazo baadhi ya maduka hukufundisha kutengeneza ukiweka nafasi mapema, zisiachwe kwenye gari lililoegeshwa juani Dar es Salaam.