Usibonyeze bado! Mrithi wako ataoa wapi ukishaweka Fundamentalist?

Toa mkono kwenye hicho kitufe, mkuu. Simamisha gemu, kunywa maji, soma hapa mpaka mwisho ndo urudi.

Umeandika kwamba upo kwenye Crusader Kings III, lile gemu la kuongoza ukoo wa watawala wa zama za kati kizazi hadi kizazi, umeanza mwaka 867 na mtawala wa Kiviking Björn Ironside, Uppsala unayo tangu siku ya kwanza, Lejre umeshamnyang'anya Sigurd na Ranaheim imeingia juzi, kwahiyo maeneo matakatifu matatu kati ya matano yametimia, pointi za uchaji zipo, na leo usiku unataka kuirifomu Asatru, yaani kuipanga upya hiyo dini ya jadi ya Waviking. Mpango wako ni mtazamo wa Fundamentalist (msimamo mkali dhidi ya dini nyingine), kafara ya binadamu iwepo, masuria wabaki, kiongozi wa dini uwe wewe mwenyewe. Ukauliza kama kafara ina faida, kama masuria ni sawa, kama ni bora ukuhani umpe mtu mwingine, na kama ukichoka na hawa Waskandinavia uanze upya na Daurama, yule mtawala wa Wahausa, na dini yake ya jadi ya Bori.

Nimesoma hiyo orodha yako nikahisi tumbo linakata, maana ndo orodha yangu. Ni ileile niliyoingia nayo mimi mwaka 904 wa kwenye gemu, na ilinila ufalme wote.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Nilianza na Björn kama wewe. Alipokufa nikaendelea na mwanawe, mfalme mzuri kweli, vitani yupo, wanamheshimu, ana miaka 58. Nacheza Ironman, yaani sevu ni moja tu na hakuna kurudi nyuma. Wiki tatu za usiku baada ya kazi zipo ndani ya hiyo sevu. Nimeshika Sweden yote, Norway kwa sehemu kubwa, na Denmark nimeimega vya kutosha. Nikafungua ukurasa wa dini, nikachagua nguzo zangu tatu za imani, nikashuka kwenye mtazamo kwa dini nyingine nikaweka Fundamentalist, nikaipa dini jina jipya, nikaichagulia na alama, nikabonyeza. Niliburudika sana ule usiku, sitaki kudanganya. Ile skrini ya kutengeneza dini ni kitu kitamu kuliko vyote kwenye hili gemu, na ndo maana inaua watu, kwa sababu ukiwa pale unajiona unaandika dini ya huyu mfalme uliyenaye, huyu mwenye nguvu, huyu ambaye kila mtu anamuogopa. Huoni kwamba huyu anakaribia kufa.

Asubuhi yake nafungua orodha ya vasali, yaani watawala wadogo walio chini yangu. Waliofuata dini mpya wapo, lakini wapo waliogoma wakabaki na Asatru ya kale, na waliogoma ndo wale wakubwa wakubwa. Sasa hapa ndo uelewe hiyo Fundamentalist inafanya nini, maana watu wanadhani ni neno tu la kutisha. Ni kipimo cha jinsi dini yako inavyowaangalia wengine wote. Ukiweka hiyo, hata wale wa kale, ndugu zako wa damu wanaoabudu miungu ileile, dini yako inawahesabu kama maadui. Na wale ambao dini zao ziko mbali zaidi na yako unawahesabu waovu kabisa, na kwenye gemu hii wakihesabika waovu hakuna kuoana. Sio kwamba inakuwa ngumu, hakuna. Unabonyeza kutafuta mchumba unakuta ukuta.

Jarl (mkuu) wa Sjælland, ambaye ndo ameikalia Lejre, aligoma. Na huyo jarl alikuwa ndo mlezi wa mwanangu wa pili! Nilimpa mtoto amlee miaka kadhaa nyuma kwa sababu alikuwa na elimu nzuri ya vita, nikasahau kabisa. Mlezi ana uwezo wa kumlea mtoto kwa dini yake. Mtoto akatoka kule kijana mzima, shujaa, na Asatru wa kale hasa.

Mrithi wangu alikuwa na miaka 15. Nikasema sawa, nimtafutie mke mwenye baba mwenye jeshi, nipate ushirika, huyu kijana akikaa kitini awe na mtu nyuma yake. Nikazunguka ramani nzima. Wafalme Wakristo hakuna. Wale Waslavi wa ng'ambo ya bahari hakuna. Wakuu wa Asatru waliobaki nje ya ufalme wangu hawataki hata kunisikia. Posa zote zimekataliwa kabla sijazituma. Nikaishia kumuoza binti wa jarl wangu mwenyewe mwenye kaunti mbili, ambaye ushirika wake hauna maana kwa sababu tayari ni mtu wangu.

Mfalme akafa akiwa na miaka 60. Na sasa masuria wanaingia kwenye hadithi. Masuria watatu pamoja na mke, watoto wa kiume wapo saba. Mgawanyo wa urithi kwa tawala za kikabila kama yangu unaitwa Confederate Partition, na ubaya wa hiyo sio tu kwamba inagawa ulichonacho, INATENGENEZA vyeo vipya kama ardhi inatosha. Ufalme wa Norway sikuwa nimeuunda, wa Denmark sikuwa nimeuunda, lakini ardhi ilitosha, kwahiyo siku ya msiba vikaundwa vyenyewe, kimoja kwa mwanangu wa pili, kimoja kwa wa tatu, na kwa vile ni wafalme kama kaka yao, wakaondoka huru kabisa. Waliobaki wakagawana kaunti zangu za ndani. Mrithi akabaki na Sweden iliyomegwa, miaka 17, hana mshirika hata mmoja duniani, na nusu ya vasali wake kwa dini yake ni maadui.

Yule wa pili, aliyelelewa Sjælland, akapata Denmark. Lejre ikawa chini ya mtu wa dini ya kale, kwahiyo hata faida ya lile eneo takatifu ikatoka kwetu. Halafu kaunti zenye dini ya kale zikaanza kundi la wananchi la kudai kujitoa, mimi nahangaika na hilo, vasali nao wakaunda la kwao. Miaka sita tu, nimebaki na Uppland. Baba yake alikuwa anatisha kuanzia Finland mpaka England, mtoto anajificha kwenye kaunti.

Na asije mtu hapa kuniambia sijui kucheza. Nina zaidi ya saa 600 humu, nimeshamtoa mkuu wa kisiwa kimoja kule Ireland mpaka ufalme. Hii kitu ilinikuta kwa sababu nilimwamini mtu.

Huyo mtu ni jamaa mmoja wa video, simtaji, ila najua na wewe umemwangalia maana orodha yako ni yake mpaka mpangilio. Anasema Fundamentalist ni lazima, unabadili kaunti haraka, usiwe na huruma. Anasema masuria hawana hasara. Nimerudi kuiangalia ile video baada ya kufilisika, nikagundua kitu kilichonichoma kweli: inaisha mfalme akiwa hai! Anabonyeza, ile picha ya dini mpya inatokea, anashangilia, anaaga. Hajaonyesha mazishi. Hajaonyesha mtoto akikaa kitini. Nilimwandikia chini pale kwa heshima kabisa, nikamuuliza mrithi wako alioa wapi, na sijajibiwa mpaka leo. Mtu anafundisha watu kujenga nyumba anakabidhi kabla mvua haijanyesha, halafu maelfu wanafuata. Inaniuma kwa sababu watu wanapoteza wiki nzima za maisha yao, wanaliacha gemu wanasema ni baya.

Kwahiyo shika hili moja, mengine yote yatajipanga nyuma yake: dini itengeneze kwa ajili ya ndoa ya mrithi. Kabla ya kila chaguo kwenye ile skrini jiulize, hii ikiingia, huyu mtoto ataoa wapi? Kama huna jibu, usibonyeze.

Na hili halijabuniwa na Paradox, watengenezaji wa gemu, ofisini kwao Sweden, hata kwa wapagani wenyewe wa kweli lilikuwa hivyohivyo. Mchukue Vladimir wa Kiev. Mwaka 980 alifanya hasa hiki unachotaka kufanya leo usiku: alipanga upya miungu ya jadi, akasimamisha masanamu kilimani, Perun wa mti mwenye kichwa cha fedha na masharubu ya dhahabu, na Dazhbog, Stribog, Mokosh na wengine pembeni. Mageuzi kamili ya dini. Miaka minane baadaye, 988, yupo kwenye ubatizo na anamuoa Anna, dada wa mfalme Basil II wa Konstantinopoli, na Perun anakokotwa kutupwa mto Dnieper. Binti wa ukoo ule asingeozwa kwa mpagani. Au Jogaila wa Lithuania, nchi ya mwisho Ulaya yenye mtawala mpagani: 1386 kabatizwa, kamuoa Jadwiga, kapata taji la Poland, na mwaka uliofuata Lithuania ikaanza kubatizwa. Mfalme mpagani asiye na pa kuoa mwishowe anabadili dini au anamezwa. Gemu inakupa nafasi ambayo Vladimir hakuipata, ya kuitengeneza dini ya jadi ili majirani wakubali kuoana nayo. Sasa wewe unaipata hiyo nafasi unaenda kuufunga mlango kwa mkono wako!

Mimi sevu iliyofuata nilifanya hivi. Mtazamo nikaweka Pluralist, ule wa kuvumilia dini nyingine. Ndio, kaunti zinabadilika dini taratibu, utaona inakera, vumilia, kwa sababu wale waliogoma hawawi maadui, wanakuwa watu waliopotea njia kidogo tu na mnaendelea kula meza moja. Katika zile nguzo tatu, moja nikaitoa kwa Christian Syncretism, yaani kuchanganya na Ukristo. Najua inakuuma, ilinikera hata mimi, nimekuja hapa kuwa Mviking sio kusujudia na Wakristo, lakini hiyo nguzo inawafanya Wakristo wakuone wa karibu, na ghafla ramani yote ya kusini inafunguka. Mrithi wangu wa safari hii alioa binti wa mfalme kule kwa Wafranki, na kundi la kwanza la vasali lilipoinuka, baba mkwe akaja na jeshi. Nilikaa nikaliangalia lile jeshi linavyoshuka kwenye ramani nikapiga meza.

Na mlolongo. Usirifomu na mzee. Mzee akishapita 50 mwache afe na dini yake ya kale, abonyeze kijana ambaye ana miaka 20 ya kutuliza fujo mbele yake. Watoto wote waliopo kwa walezi, angalia walezi ni nani, na siku ukibonyeza angalia tena nani amegoma, mtoto aliye kwake mrudishe nyumbani siku hiyohiyo. Uchumba wa mrithi uwe umefungwa kabla. Cheo kikuu weka Scandinavian Elective (mrithi anachaguliwa kwa kura), ila usijidanganye kwamba inazuia vyeo vipya kuundwa, kwahiyo usikusanye ardhi ya ufalme wa pili na wa tatu wakati una watoto wa kiume saba. Ambao hutakuwa nao kama utaacha masuria. Weka ndoa ya mke mmoja, au basi kama roho inakataa baki na doktrini ila usiwajaze, hakuna anayekulazimisha kufikisha watatu. Nilikuwa najaza nafasi kwa sababu nafasi ipo.

Kafara weka tu, haina shida na ndoa, mateka ukiwaua unapata uchaji na uchaji utauhitaji. Na kihistoria ipo sawa, Adam wa Bremen kwenye miaka ya 1070 aliandika kuhusu Uppsala kwamba kila miaka tisa walitoa dume tisa za kila kiumbe, watu wakiwemo. Kwahiyo kama unaitaka kwa ajili ya ladha, hiyo ni ladha halali.

Fundamentalist ndo siitaki kuiona. Hata kama umeshaweka mengine yote ya huyo jamaa wa video, hiyo moja itoe.

Kabla hujabonyeza chochote, piga picha ya skrini ya ukurasa wa familia uweke hapa: umri wa mfalme, watoto wa kiume wangapi, nani analelewa na nani, na mrithi amechumbia wapi. Nipo macho mpaka saa saba usiku, nitaangalia mmoja mmoja.