Kuazima vitabu maktaba ya mkoa, Tabora

Dada wa Isevya, umeuliza kama mtoto wa darasa la sita anaweza kuja na kitabu nyumbani au lazima asomee palepale. Kusoma ndani na kuazima ni vitu viwili tofauti. Wa kuazima ni mwanachama, na kwa mtoto mzazi ndiye anayesimama kama mdhamini, kwa hiyo nenda naye siku ya kwanza, ukiwa na kitambulisho na picha ndogo zake. Ada ulizia palepale dirishani, usiamini bei za mitaani.

Kamusi, atlasi na ensaiklopidia hazitoki mlangoni, hata umlilie mkutubi. Vingine vinagongwa muhuri wa tarehe ya kurudisha. Hapo ndipo wengi tunapoumia: mimi kitabu kililowa mvua kwenye kapu la baiskeli nikakilipa chote, na haki yao. Kivalishe gazeti.

Na shule yenu isikae kimya. Maktaba za mikoa ziko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, na kusaidia maktaba za shule ni kazi yao, si hisani. Mwalimu mkuu aandike barua kwa mkutubi wa mkoa, ataje idadi ya wanafunzi na chumba chenye kufuli. Bila kufuli msijisumbue. Vitabu vitaishia kufungia karanga.