Kipunji na waliompa jina

Swali lenu la wiki hii linauliza ni mamalia gani wa porini msomaji angependa asherehekewe, na ni sauti ya nani haisikiki vya kutosha katika kumlinda. Sehemu ya kwanza haikunisumbua hata kidogo: kipunji, kima wa milima yetu. Sehemu ya pili ndiyo iliyonifanya niandike jibu refu kuliko mlivyozoea, mnisamehe.

Naishi Rungwe, mkoani Mbeya, chini ya Mlima Rungwe, katika kijiji cha mwisho kabla ya msitu. Shamba langu la viazi linaishia kwenye mpaka wa hifadhi, miti inaanzia hapo hapo, na kutoka hapo ni kupanda tu hadi kwenye mianzi na baridi ya kileleni, karibu mita 2,960 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ukungu ukishuka huoni mgomba wa jirani. Lakini unasikia. Dume la kipunji lina mlio wake peke yake, mzito, unaotoka kifuani, nusu kubweka na nusu honi ya lori linaloshuka mteremko wa Kiwira. Mgeni akiusikia mara ya kwanza hushtuka. Mimi nikikaa siku kadhaa bila kuusikia ndipo ninaposhtuka.

Kwa asiyemjua: kipunji ni kima mkubwa wa kahawia, mwenye manyoya marefu yaliyomkinga na baridi yetu, tumbo jeupe lililofifia, mkia unaomalizikia na weupe huo huo, na kishungi cha nywele zilizosimama kichwani ambacho hakimdanganyi mtu akamwona ni kima mwingine. Maisha yake ni ya juu mitini. Anapenda miti mirefu ya mabondeni na kwenye makorongo yenye kuta kali, huko ambako mtu mwenye shoka hafiki kwa urahisi. Huishi kwa makundi, mara nyingi wanafika 30 au zaidi, na hula matunda, majani, maganda ya miti, maua, hata wadudu. Duniani kote anapatikana Tanzania tu, na ndani ya Tanzania ni sehemu mbili: huku kwetu kwenye milima ya Rungwe, Livingstone na Kitulo, na kipande kidogo cha msitu wa Ndundulu kule kwenye milima ya Udzungwa, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mwindaji. Aliwinda kwa mbwa na mkuki tangu ujana wake, na jioni akituweka wajukuu kando ya moto alitutajia wanyama wa msitu mmoja mmoja kama mtu anayetaja majirani: mbega, minde, nguruwe pori, kipunji. Bibi alikuwa akimkatiza hapo. Kwake yeye kipunji hakuwa mnyama wa kutajwa ovyo giza likishaingia, maana wazee wengine walimweka zaidi upande wa mizimu ya msitu kuliko upande wa nyama. Babu alicheka, akasema mzimu hauachi maganda ya matunda chini ya mti.

Nikiwa darasa la tano tulipewa zoezi la kuandika majina kumi ya wanyamapori. Wa kwanza nikamwandika kipunji. Daftari lilirudi na alama tisa, na wino mwekundu juu ya jina lile. Mwalimu alituambia darasani kwamba hayo ni mambo ya hadithi, na kwamba tuandike wanyama wa kweli. Sikubisha. Mtoto wa darasa la tano atambishia nani? Nilifuta, nikaandika twiga, ambaye sikuwa nimemwona maishani mwangu.

Mwezi Mei 2005 redio ikatangaza kwamba aina mpya ya kima imegunduliwa Tanzania. Nilikuwa sekondari wakati huo. Nilikimbia kwa babu nikamkuta anapukuchua mahindi, nikamwambia, naye akaniuliza jambo moja tu: "Wamempa jina gani?" Nikamjibu kwamba wamemwita kipunji. Akatikisa kichwa taratibu. "Basi ni huyu wetu." Akaendelea na mahindi yake.

Habari yenyewe, kama nilivyokuja kuielewa baadaye, ni hii. Watafiti waliokuwa wakizunguka vijiji vyetu wakiulizia wanyama wa msitu walikuwa wanasikia jina hilo kwa wawindaji wa Kinyakyusa. Hawakulitupa. Walianza kutafuta, na mwaka 2003 wakamwona. Mwaka 2004 kundi lingine la watafiti, bila kujua la hawa, likamwona Ndundulu. Wakaungana na kumtangaza kwa pamoja. Katika majina ya walioandika taarifa ile ya kisayansi wamo Watanzania wawili, Noah Mpunga na Sophy Machaga, na naomba mabinti wanaosoma jarida hili walishike hilo jina la pili. Dada huyo alipanda milima hii kwa miguu katika matope na viwavi vinavyowasha mpaka ikajulikana kwamba msitu wetu una mnyama ambaye hayupo popote pengine.

Hapo ndipo furaha yangu na uchungu wangu vinapokutana. Watafiti wale walifanya vema kulihifadhi jina la wazee, na kwa hilo nawashukuru kwa moyo wote. Wangeweza kumbandika jina la tajiri fulani wa ng'ambo. Lakini kila ninaposoma kwamba mnyama huyu "hakujulikana" hadi mwaka 2003, namwona babu amekaa na gunzi la mahindi mkononi. Alijua kundi linalala bonde lipi. Alijua kipunji huandamana na mbega, na kwamba matunda ya msituni yakiadimika hushuka pembeni kuyaona mashamba. Aliyajua hayo kwa sababu aliwinda. Alishaua kipunji pia, na hakunificha. Sitaki kumpamba. Mbwa na mitego ya watu kama yeye ndivyo vilivyompunguza huyu mnyama, pamoja na mbao, mkaa na mashamba. Sensa iliyochapishwa mwaka 2008 ilihesabu kipunji 1,117 tu, na kati yao Ndundulu kulikuwa na kama 75.

Na mkulima naye ana sehemu yake. Mwaka 2005 mkulima mmoja wa mlimani alitega mtego kulinda mahindi yake, ukanasa kipunji dume ambaye hajapevuka, akafa. Mzoga ule ulipelekwa kwa wataalamu. Vipimo vya vinasaba na mifupa yake vikaonyesha kwamba huyu hafanani na kima yeyote wa jamii waliyodhani ni yake; kwa damu yuko karibu zaidi na nyani. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi lake la kisayansi, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu mwaka 1923. Sayansi ilipata yake, mlima wetu ukapata jina duniani. Mimi hujiuliza yule mkulima alivuna magunia mangapi msimu ule, na kama kuna aliyerudi kumuuliza usiku alilindaje, ni njia ipi kipunji aliifuata kuja shambani, na ni kitu gani kingemfanya asitege tena.

Maana hilo ndilo jibu langu la sehemu ya pili. Sauti zisizosikika ni za watu tuliowaweka kwenye orodha ya wakosaji: mwindaji, mkulima mwenye mtego, mama mwenye mzigo wa kuni. Wanaitwa kikaoni kuelimishwa.

Niwape mfano ambao bado unanikaa kooni. Kuna mahali panaitwa Bujingijila, ukanda mwembamba wa miti unaounganisha msitu wa Mlima Rungwe na ule wa Livingstone. Ukikatika, kipunji wa upande huu hawatawaona tena wa upande ule, na kundi dogo lililofungiwa peke yake huchoka kizazi baada ya kizazi. Kwa hiyo watu wengi wema wamehangaika kupanda miti huko. Miaka michache iliyopita tuliitwa kwenye kikao kimoja cha mambo hayo. Kulikuwa na ramani ubaoni, posho, soda. Mama mmoja wa makamo, mchuma chai, aliyekuwa amekaa nyuma karibu na mlango, alinyoosha mkono. Akaanza kueleza, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kinyakyusa, kwamba pale panapoonyeshwa kwenye ramani si pale anapoona kima wakivuka akienda kuokota kuni. Kwamba wanavuka chini zaidi, kwenye miti iliyobaki kando ya kijito. Hakumaliza. Mtoa mada alimshukuru, akasema maswali yatakuwa mwisho, na mwisho ulipofika muda ulikuwa umekwisha.

Nilikuwa nimekaa mstari wa pili. Nilimwelewa neno kwa neno. Ningeweza kusimama nikamtafsiria, wala hakuna ambaye angenizuia, kwa kuwa mimi nilikwenda shule na nilikuwa nimevaa viatu. Sikusimama.

Kwa mila yetu na kwa mgawo wa kazi zetu, anayeingia msituni mara nyingi zaidi ni mwanamke. Kuni, mboga za majani, uyoga, dawa ya mtoto mwenye homa, vyote anavifuata yeye. Anajua mti upi umezaa. Anajua ni nani amepita na msumeno jana, kwa sababu ameona vumbi la mbao likiwa bado bichi, na mara nyingine anamjua ni mume wa nani. Habari kama hiyo hawezi kumpa askari mwanamume asiyemfahamu, mbele ya watu.

Jirani zetu wa Kenya wameliona hili. Olgulului, kandokando ya Amboseli, mwaka 2019 waliingizwa wasichana wanane wa Kimaasai kuwa askari wa wanyamapori wa jamii, kundi wanaloliita Team Lioness. Walichaguliwa kutoka koo zote nane za eneo lile, katika jamii ambayo kazi hiyo ilikuwa ya wanaume. Moja ya faida zao imekuwa hiyo hiyo ninayoisema: kina mama wanazungumza nao.

Sisi huku tumezoea kusherehekea wanyama wakubwa. Simba yuko kwenye noti ya 2,000, faru kwenye ya 5,000, tembo kwenye ya 10,000. Nawapenda wote. Lakini mtoto wa Rungwe akikua akiamini kwamba wanyamapori wako Serengeti, kwenye nyika asiyoijua, atauangalia msitu ulio nyuma ya nyumba yao kama ghala la kuni. Ningependa shule zetu za mlimani ziwe na siku ya kipunji, na siku hiyo wazungumzaji wawe wazee waliowahi kuwinda, waseme kwa Kinyakyusa, na kule upande wa Wasafwa waseme kwa Kisafwa. Watoto waandike. Wazee hao wanaondoka. Babu yangu alizikwa mwaka 2014, na mambo aliyojua kuhusu yale mabonde hayapo kwenye daftari la mtu.

Ningependa pia vikao visiitwe asubuhi. Asubuhi watu wanachuma chai, na anayekosa kuchuma anakosa kilo zake. Mnapoita kikao saa tatu mnaletewa wenyeviti na wastaafu.

Msije mkadhani naandika kwa kukata tamaa. Msitu wa Mlima Rungwe ulipandishwa hadhi mwaka 2009 ukawa Hifadhi ya Mazingira Asilia, Kitulo imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, na hesabu za karibuni zaidi zinaonyesha kipunji wanakaribia 2,000. Walioondoa mitego kwa maelfu kutoka msituni mle ni vijana wa vijiji hivi hivi, wengine wao watoto wa wawindaji. Mimi mwenyewe mwaka jana, nikipalilia, niliona kundi lote likivuka juu ya korongo, majike na watoto wamewashika matumboni, na dume la mwisho likasimama kwenye tawi likatuangalia mimi na jembe langu kwa muda mrefu sana. Niliita watoto wangu waje. Mdogo aliniuliza kama anaruhusiwa kulitaja jina lake usiku.

Yule mama mchuma chai nilimtafuta baadaye nyumbani kwake. Nilimwamkia, nikamwomba radhi, akanipa mbalaga, ndizi za kupikwa, tukala. Ametembea nami mara mbili hadi kwenye kile kijito, akanionyesha miti mitano ambayo kima huitumia kuvuka. Mmoja umeshaanza kuchimbwa mizizi na maji. Nimeyaandika yote, na tarehe. Kikao kingine kimetangazwa baada ya mavuno ya viazi. Tumekubaliana twende mapema, tukae mstari wa mbele, yeye aeleze kwa Kinyakyusa tangu mwanzo hadi mwisho, na mimi nitakuwa nimesimama kando yake nikitafsiri.

Msomaji wenu, Rungwe